Malezi ya Tamaduni Mbili na Taaluma ya Sheria katika Nyanda za Juu Kusini: Kutoka Baraza la Kalenga hadi Usuluhishi wa Kimataifa

Utangulizi

Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, una vifungu 440. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita tangu mkataba kuanza kutumika, ikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa lililochukuliwa kutoka Afrika Mashariki. Kifungu hichohicho kiliagiza pia kurejeshwa kwa Msahafu wa Khalifa Othman kwa Mfalme wa Hijazi. Hivyo Uhehe uliingia katika sheria ya kimataifa kwa sentensi moja. Mkwawa alikuwa amefariki tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi, na hakuna Mhehe aliyeulizwa fuvu hilo lirudishwe kwa nani. Mkataba ulisema likabidhiwe serikali ya Mfalme wa Uingereza. Kalenga haikutajwa.

Miezi sita ikawa miaka 35. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alifika katika jumba la makumbusho la Bremen, akaonyeshwa mafuvu mengi, na kwa kutumia vipimo vya vichwa vya jamaa wa marehemu akachagua moja. Mwaka 1954 alilikabidhi Kalenga. Aliyelipokea alikuwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa mtawala huyo, mtu aliyesoma Makerere, aliyekaa katika Baraza la Kutunga Sheria la Dar es Salaam, na ambaye miaka minane baadaye angekuwa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge la Tanganyika.

Makala hii inachunguza namna malezi ya tamaduni mbili yalivyounda taaluma ya sheria kwa watu wa Iringa na Mbeya, na hasa ilikuwaje taaluma hiyo ilipolazimika kukabiliana na mikataba ya makampuni ya kigeni. Imezoeleka kusemwa kwamba mtu aliyelelewa katika tamaduni mbili huwa daraja, yaani huelewa pande zote na kwa hiyo huzipatanisha. Historia ya Nyanda za Juu Kusini haiungi mkono dai hilo moja kwa moja. Inaonyesha kwamba malezi hayo yaliwapa watu maarifa ya namna nyingine: kutambua kwamba kabla ya kuuliza nani ana haki, huwa limekwisha kuamuliwa shauri litasikilizwa wapi, kwa sheria ya nani na kwa lugha ipi. Maarifa hayo ni ya thamani kubwa kwa mwanasheria. Lakini kuyajua maamuzi hayo hakumpi mtu uwezo wa kuyabadili.

Malangali: tamaduni mbili kwa mpango

Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alianzisha utawala wa kupitia watawala wa jadi, na ukoo wa Mkwawa ukarejeshwa madarakani katika nafsi ya Sapi, mwana wa Mkwawa. Utawala wa aina hiyo ulihitaji vijana waliofundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu kodi, lakini wasiotengwa na watu wao. Jibu la Idara ya Elimu katika Jimbo la Iringa lilikuwa shule ya Malangali, iliyoongozwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na W. Bryant Mumford.

Mumford aliamini kwamba elimu ya Kizungu iliyotolewa peke yake ingezaa watu wasio na kwao. Kwa hiyo aliwaingiza wazee shuleni wafundishe historia na desturi, akahimiza ngoma na mchezo wa mkuki, na akataka mavazi na mpangilio wa maisha ya wanafunzi vifanane na vya nyumbani. Mwaka 1930 aliueleza mpango huo katika jarida la taasisi ya Kiafrika ya London, na Malangali ikawa mfano uliojadiliwa mbali sana na Mufindi. Baada ya yeye kuondoka, sehemu kubwa ya mpango huo ilififia na shule ikarudi katika mtaala wa kawaida.

Tathmini ya jaribio hilo isiishie katika kulisifu wala kulikejeli. Udhaifu wake haukuwa katika kuheshimu mila. Udhaifu ulikuwa kwamba mila zilichaguliwa na mwalimu mkuu: mkuki uliingizwa kama mchezo katika nchi ambayo tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mikuki hiyohiyo ilikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski. Mavazi yaliruhusiwa, ngoma ikaruhusiwa, lakini kile ambacho Wahehe walikuwa nacho kilicholingana kwa uzito na elimu ya Kizungu, yaani utaratibu wao wa kuamua mashauri na kugawa madaraka kati ya mtwa na wazagila wake, hakikuwa somo la darasani. Kilibaki kwenye baraza. Yeyote aliyetaka kukijua ilimpasa akakae hapo, asikilize kesi za ng'ombe, mahari na mipaka ya mashamba.

Jambo hilo halikuwapita wote. G. Gordon Brown, mwanaanthropolojia, na Bruce Hutt, ofisa wa utawala, walifanya utafiti wa pamoja Iringa na kuuchapisha mwaka 1935, mmoja akiuliza maswali ya mtawala na mwingine akitafuta majibu kwa wananchi. Maswali mengi yalihusu mambo ya mahakama na ndoa. Serikali ilikuwa imetambua kwamba haiwezi kuwatawala Wahehe bila kuijua sheria yao. Ilitaka iijue yenyewe, lakini haikuona haja ya Mhehe naye kuijua sheria ya Kiingereza.

Mlango uliofungwa

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Amri ya Mfalme katika Baraza ya mwaka 1920 ilileta Tanganyika sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na kuruhusu sheria za wenyeji zitumike pale tu ambapo hazikupingana na haki na maadili. Maadili ya nani, amri haikusema, kwa kuwa walioiandika hawakuona kama kuna swali. Sheria ya mwaka 1929 kuhusu mahakama za wenyeji iliziondoa mahakama hizo chini ya usimamizi wa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa tawala. Rufaa ilitoka kwa mtwa ikaenda kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo.

Matokeo yake yalikuwa mataifa mawili ya kisheria katika mkoa mmoja. Mkulima wa Kalenga aliyegombania shamba alisikilizwa barazani, na kumbukumbu zikaandikwa na karani kwa Kiswahili. Mwekezaji wa Mufindi aliyegombania shamba la chai alikuwa na wakili, na shauri lake lilikwenda kwa Kiingereza chini ya sheria zilizotoka Westminster na Bombay. Sheria ya makampuni ya mwaka 1932 ilifuata ile ya Uingereza ya mwaka 1929. Sheria ya mikataba ilikuwa ya India ya mwaka 1872, ambayo hata ilipobadilishwa mwaka 1961 haikuachwa mbali. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa kama mali ya adui, na kampuni ya Brooke Bond ikajikita katika chai ya Mufindi. Mamia ya ekari yalihama kutoka mkono mmoja wa kigeni hadi mwingine kwa hati ambazo wazagila wa eneo hilo hawakuwa na nafasi ya kuzihoji, kwa kuwa hazikuwa za mahakama yao.

Kijana wa Iringa aliyelelewa katika ulimwengu wote wawili aliweza basi kuwa karani, mwalimu, tabibu msaidizi au mtawala. Hakuweza kuwa mwanasheria, isipokuwa kwa bahati ya kipekee ya kusoma ng'ambo. Makerere haikufundisha sheria. Serikali ya kikoloni iliwaogopa mawakili Waafrika, na mfano wa Afrika Magharibi, ambako mawakili walikuwa wasemaji wa siasa za uhuru, uliijaza hofu zaidi. Kwa kawaida hutajwa kwamba wakati wa uhuru mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na wanasheria Waafrika wawili tu. Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa nchi huru, Roland Brown, alikuwa Mwingereza. Mtanzania wa kwanza kushika nafasi hiyo, Mark Bomani, aliichukua mwaka 1965.

Adam Sapi na kiti cha Spika

Adam Sapi alizaliwa mwaka 1920. Alikulia katika jimbo ambamo Malangali ilikuwa shule ya watoto wa watawala, akaendelea na masomo hadi Makerere, na mwaka 1940, akiwa kijana wa miaka ishirini, akashika kiti cha baba yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mwamuzi katika baraza la Wahehe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliingia pia katika Baraza la Kutunga Sheria, kwa uteuzi wa Gavana. Alikuwa Kalenga akiwa mtwa, na Dar es Salaam akiwa mjumbe wa watu wachache katika chumba ambacho kanuni zake hazikutungwa kwa ajili yake.

Kazi hizo mbili zilifanana kuliko inavyodhaniwa. Mtwa barazani husikiliza kwanza, huwaacha wazee waseme, na neno lake huja mwisho. Spika naye hashiriki mjadala. Husikiliza, hutoa nafasi kwa zamu, na neno lake ni la utaratibu. Novemba 1962 Bunge la Tanganyika lilimchagua Adam Sapi kurithi kiti cha A. Y. A. Karimjee, na ukiondoa kipindi cha mwaka 1973 hadi 1975 aliposhika Erasto Mang'enya, alikikalia hadi mwaka 1994. Mwaka 1963, muda mfupi baada ya kuchaguliwa, Bunge alilolisimamia lilipitisha sheria ya kuondoa mamlaka ya watawala wa jadi, na sheria ya mahakama za mahakimu iliyozifuta mahakama za wenyeji kuanzia mwaka 1964. Yaani kwa kufuata kanuni alizozilinda yeye mwenyewe, Bunge lilikifuta kiti cha babu yake na baraza alilolelewa ndani yake. Mwaka 1963 sheria za mila zilizoandikwa zilianza kutangazwa kwa matangazo ya serikali, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na Hans Cory, mtu aliyezaliwa Austria.

Katika kipindi chake Kiswahili kilichukua nafasi ya Kiingereza katika mijadala ya Bunge, huku miswada ikiendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Wabunge walijadili kwa lugha moja sheria iliyoandikwa kwa nyingine. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, Bunge hilohilo lilipitisha sheria za kutaifisha mabenki na makampuni makubwa. Utaifishaji ulitangazwa kwa Kiswahili mbele ya umma. Mazungumzo ya fidia na makampuni yaliyoguswa yalifanyika kwa Kiingereza, kwa hesabu za vitabu vya makampuni hayo. Mgawanyiko wa lugha uliozoeleka katika jimbo la Iringa la miaka ya 1930 ulikuwa sasa umehamia katika uhusiano wa taifa na dunia.

Kutoka Rungwe na Kyela

Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14, na mlango ukawa wazi kwa vijana wa mikoa yote. Walioupitia kutoka upande wa Mbeya walikuwa na malezi yao ya tamaduni mbili, tofauti na ya Uhehe. Wamisionari wa Kimoravia na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na shule zao zilitangulia kwa mbali zile za serikali. Vilevile Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya rika, ambamo wavulana waliondoka majumbani mwa wazazi wakaishi pamoja na wenzao. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 jinsi maadili ya ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa mazungumzo na chakula, yalivyokuwa shule ya hoja na adabu. Uhaba wa ardhi pamoja na safari za wanaume kwenda dhahabu ya Lupa na shaba ya Rhodesia ya Kaskazini vilivipunguza vijiji hivyo. Tofauti na Malangali, hapa hapakuwa na mwalimu mkuu aliyepima kiasi cha kila utamaduni. Mkataba wa kazi ya mgodini ulikuwa kwa wengi hati ya kwanza ya kigeni waliyoiwekea alama ya dole gumba.

Harrison Mwakyembe alizaliwa Kyela mwaka 1955, akawa mhadhiri wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Hamburg kwa utafiti kuhusu mabadiliko ya nane ya Katiba ya Tanzania. Novemba 2007 alikabidhiwa uenyekiti wa Kamati Teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme kati ya TANESCO na kampuni ya Richmond ya Houston, Texas. Mkataba huo wa megawati 100 ulisainiwa Juni 2006 wakati nchi ikiwa katika mgao mkali wa umeme, na baadaye ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Kamati ilihitimisha kwamba Richmond haikuwa na uwezo wa kifedha wala wa kiufundi. Ripoti ilisomwa bungeni Dodoma kwa Kiswahili Februari 2008, na tarehe 7 mwezi huo Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu.

Ripoti hiyo ni hati muhimu katika historia ya sheria ya makampuni nchini, na sehemu ya umuhimu wake ni ya lugha. Maneno yaliyokuwa yamefungiwa katika vifungu vya Kiingereza, kama vile dhamana, uhamishaji wa mkataba na malipo ya kuwepo kwa mitambo hata isipozalisha, yaligeuzwa kuwa Kiswahili kilichoeleweka na msikilizaji wa redio wa Tukuyu. Hiyo ilikuwa kazi ya mtu anayezijua nyumba zote mbili.

Hata hivyo mkataba wenyewe ulikuwa na kifungu cha usuluhishi. TANESCO ilipousitisha mwaka 2008, Dowans ilikwenda katika Mahakama ya Kimataifa ya Usuluhishi ya ICC yenye makao yake Paris. Novemba 2010 wasuluhishi waliamuru TANESCO ilipe zaidi ya dola za Kimarekani milioni 65, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Tanzania ikakubali tuzo hiyo isajiliwe. Hoja zilizomwangusha Waziri Mkuu Dodoma hazikuwa na nguvu ya kuuangusha mkataba mbele ya wasuluhishi. Baraza moja liliuliza kama mkataba ulistahili kusainiwa. Jingine liliuliza kama aliyeusitisha alikuwa na haki ya kuusitisha. Tofauti ya maswali hayo iliamuliwa siku ya kusaini, mwaka 2006, pale aliyeandika kifungu cha usuluhishi alipochagua ukumbi.

Mwenendo wa baadaye unaonyesha kwamba funzo hilo lilisikika. Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria ya mamlaka ya nchi juu ya utajiri na rasilimali zake, inayozuia migogoro ya rasilimali hizo kupelekwa katika mahakama na mabaraza ya nje. Mwaka 2021 sheria nyingine ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Mwanasheria mwingine wa upande wa Mbeya, Tulia Ackson wa Rungwe, mhadhiri wa zamani mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Cape Town, alikalia kiti cha Adam Sapi kuanzia Februari 2022, na Oktoba 2023 akachaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Vikao vya umoja huo havijaendeshwa kwa Kiswahili.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati mlango wa taaluma ya sheria ungali umefungwa kwa watoto wa Kalenga, serikali ya kikoloni ilijenga mjini Iringa shule kubwa ya bweni kwa watoto wa Kizungu, ikaiita Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George. Watoto hao nao walilelewa kati ya tamaduni mbili, ingawa moja waliiona kupitia dirisha la jiko. Baada ya uhuru shule hiyo ilipewa jina la Mkwawa, na mwaka 2005 ikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu cha Mkwawa. Lugha ya kufundishia humo ni Kiingereza.